Weka lebo kwa ajili ya usiku: tunavyopanga vitu kwenye chombo cha matanga

Asalaam aleikum wapenzi wa bahari. Leo nataka niandike jambo ambalo nalisema sana huku chomboni mpaka wenzangu washalizoea, nalo ni habari ya kupanga vitu na kuviwekea lebo. Watu wakisikia lebo wanaona ni mambo ya supamaketi au ya wageni wenye mayoti yao ya bei kubwa, wanakwambia "chombo changu mie nakijua, vitu vyangu navijua vilipo, lebo ya nini?" Na kweli anavijua. Lakini huyo anaongea mchana, jua linawaka na bahari shwari. Mie nafikiria saa tisa usiku, mvua inapiga, chombo kimelala upande, na yule anayejua kila kitu kashika usukani hawezi kuuachia, au homa imemlaza chini, au ndiye huyo huyo aliyeanguka majini. Hapo anayetafuta tochi ni mwengine kabisa, pengine mgeni aliyepanda jana. Lebo ni yake huyo.

Mie nafanya kazi kwenye boti ya matanga ya faibaglasi, mlingoti mmoja na injini ya dizeli, tunazunguka na wageni Unguja na msimu ukiruhusu tunavuka nao kwenda Pemba. Kabla ya hapo nimekulia kwenye majahazi, kwaiyo ninayoyasema hapa yanafaa kote, iwe yoti, iwe jahazi la mizigo, iwe mashua ya kuvulia. Hata ngalawa ina vitu vya kupanga, kata ya kufulia maji ikikosa mahala pake utaitafuta huku maji yanapanda miguuni.

Kwanza mahala, lebo baadae. Hapa ndo wengi wanaharakisha, mtu ananunua mashine ya kuchapia lebo anabandika chombo kizima siku moja, wiki ya pili vitu vishahama na lebo zimebaki pale pale zinasema uongo. Na lebo ya uongo ni mbaya kuliko kukosa lebo, mana mtu anaiamini, anafungua pale, hakuti kitu, anapoteza dakika ambazo hana. Sie tulikaa kwanza msimu mzima tunahamisha vitu mpaka kila kimoja kikatulia mahala ambapo mkono unakwenda wenyewe, ndo tukaanza kuandika.

Wazee wa majahazi hawakuwa na lebo lakini vyombo vyao vilipangika kuliko mayoti mengi ninayoyaona yametia nanga pale mbele ya Forodhani. Nahodha akimwambia kijana kalete kitu kwenye feuli ya tezi, yaani ile stoo ya nyuma, kijana anakwenda gizani na anarudi nacho, kwa sababu kila sehemu toka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma) ina kazi yake na kazi hiyo haibadiliki. Ila wale walikuwa wanasafiri pamoja kaskazi nzima na kusi nzima, watu wale wale. Siku hizi wafanyakazi wanabadilika sana, leo una kijana wa Nungwi, wiki ijayo kaja mtu wa Tumbatu, baada ya hapo mtu katokea Tanga au Kojani, wote mabaharia wazuri lakini kila mmoja kazoea mpango wa chombo chengine, na juu yake una wageni ambao hata mlango wa choo hawaujui. Kwa hali hiyo mpango wa kichwani hautoshi tena, lazima uandikwe.

Katika kuchagua mahala tunaangalia mambo machache tu. Vizito vinakaa chini na katikati ya chombo, mnyororo wa akiba, madumu ya maji, betri, vyakula vya makopo. Ukiviweka omo au juu juu chombo kinatikisika vibaya na kikilala hakirudi upesi. Vya haraka vinakaa karibu na mkono, na juu ya kitu cha haraka hakiwekwi chengine hata kwa dakika moja, mana kile kimkoba cha mgeni kilichowekwa "mara moja tu" juu ya sanduku la dawa ndo kitakachokuwepo siku mtu kajikata. Vilivyoroa maji chumvi havilali na vikavu. Alafu kila kitu kikazwe, kisiwe na nafasi ya kuteleza, sababu chombo cha matanga kinaweza kukaa kimelala upande mmoja toka asubuhi mpaka magharibi, alafu mkipindua tu kila kilicho kulia kinahamia kushoto.

Sasa makabati na vishubaka tumevipa namba. Tunahesabu kutoka omo kwenda tezi, namba za witiri (1, 3, 5) zote upande wa kushoto, za shufwa (2, 4, 6) upande wa kulia. Kwaiyo mtu akisikia "filta iko 9" anajua papo hapo kushoto, tena nyuma nyuma, hata kama hajawahi kulifungua hilo kabati. Namba imebandikwa nje ya mlango na ndani ya mlango pia, kwa sababu mlango ukiwa wazi ile ya nje huioni. Ukiingia tu ndani unakuta ramani ya chombo kizima imechorwa kwa mkono na namba zake, tumeipeleka duka la fotokopi wakaileminiti, nakala moja ipo ukutani na nyengine kwenye simu ya kila mfanyakazi. Ramani hiyo ina michoro midogo, tochi imechorwa tochi, kisu kimechorwa kisu. Wapo wazee wanaosoma herufi za Kiarabu vizuri zaidi kuliko hizi nyengine, wapo wageni wasiojua Kiswahili, na mtu mwenye hofu hasomi vizuri kwa lugha yoyote. Picha inamfaa kila mmoja. Kwenye vitu vya hatari tunaandika Kiswahili juu na Kiingereza chini, vilivyobaki Kiswahili kinatosha, tena Kiswahili cha chomboni kama mabaharia wenyewe wanavyoita.

Hapa kwenye vifaa vya kuandikia nataka nikae kidogo mana jua letu na chumvi yetu havina huruma. Maka peni ya kawaida ukiandika kwenye plastiki iliyo nje juani haichukui muda inapauka, nyekundu ndo inatangulia kufutika, nyeusi inavumilia zaidi. Kwa vitu vya ndani maka peni nyeusi inatosha. Kwa vya nje tunatumia kalamu za rangi ya mafuta, zile zinazotikiswa kabla ya kuandika, hizo zinakamata hata kwenye chuma na kwenye ndoo. Mashine ndogo ya kuchapa lebo ni nzuri sana kama unaipata, chagua utepe ule wenye plastiki ya juu inayofunika maandishi, ule wa karatasi tupu usiupotezee pesa yako. Na kabla hujabandika lebo yoyote osha pale mahala kwa maji baridi utoe chumvi, kausha, pitisha spiriti, acha ikauke, ndo ubandike na ukandamize kwa kidole mpaka kingo zote zikae. Lebo iliyobandikwa juu ya chumvi haishiki, utaikuta sakafuni kesho yake.

Kitu chengine ambacho hakina gharama na mie nakipenda sana ni rangi ya kucha. Ndio, hii hii ya sokoni Darajani. Chukua nyekundu na kijani, nyekundu ni kushoto na kijani ni kulia, sawa na taa za vyombo dunia nzima, na utie alama kwenye spana, kwenye vibanio vya kamba, kwenye vifuniko, kwenye vishikio vya koki. Inakauka haraka, inakaa muda mrefu kwenye chuma, na inabaki kidoti cha kupapasa ukiirudia mara tatu nne pale pale. Tahadhari moja: usipitishe rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya maandishi ya maka peni ukidhani unayalinda, ile inayeyusha wino na maandishi yote yanavurugika. Kufunika maandishi tumia selotepu pana, ile ngumu ya maboksi.

Na vya kuwekea? Ndoo za rangi za lita 20 zenye kifuniko, zioshe vizuri, hazipitishi maji, zinakaa moja juu ya nyengine, na zina mkono wa kubebea. Kwa vidogo tumia makopo ya plastiki angavu yenye mfuniko wa kuzungusha ili uone kilichomo bila kufungua. Vikapu vya ukili navipenda kwa vitunguu, viazi, ndimu na matunda, hewa inapita na havioti kutu, ila usivitie kwenye kabati la chini lenye unyevu vitaota ukungu. Maboksi ya karatasi yabaki bandarini yote, bila huruma. Mende wanataga kwenye yale matundu ya kadibodi, ukipandisha boksi umepandisha ukoo mzima, na kwenye chombo mende hawatoki.

Tuje kwenye madumu. Hapa naomba mnisikilize vizuri wenzangu.

Sie wote tunayajua yale madumu ya njano ya mafuta ya kupikia, ndo hayo hayo tunayotilia maji ya kunywa, ndo hayo hayo tunayotilia dizeli, ndo hayo hayo mafuta ya taa na petroli ya injini ya kidau. Yamefanana yote. Chombo kimoja hapa kwetu kilitiwa maji kwenye tangi la dizeli usiku kwa sababu hiyo tu, injini ikazima ndani ya mkondo, na bahati yao upepo ulikuwepo wakaingia kwa matanga. Pia nishaona mtu anataka kutilia mchele maji yenye harufu ya petroli. Yoti nyingi za nje wanafuata rangi, petroli dumu jekundu, dizeli njano, maji buluu, na kama unaweza kununua madumu hayo nunua. Kama huwezi, ya njano yako utayatofautisha hivi: dumu la dizeli funga kamba nene kwenye mkono wake, mzunguko mmoja wenye fundo. Dumu la petroli fundo mbili, tena liko nje kwenye hewa, halishuki ndani hata siku moja. Dumu la maji ya kunywa halifungwi kitu, mkono wake ni mtupu. Juu yake paka mstari mpana wa rangi kuzunguka dumu zima, usiandike upande mmoja tu, mana dumu likigeuzwa maandishi yanatazama ukutani. Kwa mpango huo ukiwa gizani huna taa, ukipapasa tu mkono wa dumu ushajua kilichomo. Na dumu lililowahi kutiwa dizeli, petroli au mafuta ya taa halirudi kwenye maji, milele, hata lioshwe vipi.

Hiyo habari ya kupapasa ndo msingi wangu mkubwa kuliko wote. Kila lebo ya muhimu iwe inasomeka kwa jicho na kwa mkono. Tochi inaweza kufa, jicho lililotazama taa haliwezi kuona gizani kwa muda mrefu, na nahodha usiku hataki uwashe taa kali hapo nyuma.

Kamba nazo hivyo hivyo. Kwenye boti yetu kamba zote zinakuja nyuma karibu na usukani, zinapita kwenye vibanio vimepangwa mstari mmoja, na usiku zote ni kamba tu. Lebo za maandishi zipo juu ya kila kibanio lakini ya kweli ni ile ya mkono, tumezungusha uzi wa kushonea tanga kwenye kila kishikio, henza (kamba ya kupandishia) ya tanga kubwa uzi mmoja, henza ya tanga la mbele nyuzi mbili, kamba ya kupunguzia tanga nyuzi tatu. Kamba ya kupunguzia tanga ndo utakayoihitaji upepo ukikaza ghafla, tena ndo ambayo mtu mpya haijui, kwaiyo hiyo ina na rangi yake peke yake, nyekundu tupu, hakuna kamba nyengine nyekundu chomboni. Ukimwambia mgeni "shika nyekundu" hawezi kushika nyengine. Kama pesa ya kununua kamba za rangi rangi haipo, ncha za kamba zifungwe uzi wa rangi tofauti, inatosha. Na kila kamba ya akiba ikikunjwa ifungwe kwa mkia wake wenyewe, itundikwe, na iwe na kipande cha turubai kilichoandikwa urefu na unene wake, mana utahitaji mita 20 na hutaki kukunjua kamba tano kutafuta iliyotosha. Zile kamba za buluu zinazoelea usiziache juani, zinakauka na kukatika kama nyuzi za mgomba, zikae ndani.

Matanga ya akiba yaandikwe kwenye mfuko na kwenye kona zake pia. Mfuko unaandika ni tanga gani, kona unaandika JUU, JOSHI (kona ya chini ya mbele), DEMANI (kona ya chini ya nyuma). Ukiwa omo mawimbi yanakupiga, tanga limejaa mikononi, unashika kona unasoma na unajua hii inakwenda wapi. Fundi cherehani yoyote anaweza kukushonea vipande hivyo kutoka kwenye tanga la zamani.

Mnyororo wa nanga nao ni kitu cha kuwekea alama, na kwetu sisi hili lina maana kubwa kuliko sehemu nyingi kwa sababu ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Wakati wa bamvua bahari yetu inapanda na kushuka karibu mita 4. Sasa chukua mfano, umefika kwenye ghuba maji yamekupwa, kina ni mita 6, kutoka kwenye maji mpaka omo ya chombo ni mita 1, jumla 7. Unataka mnyororo mara 5 ya hapo, unatoa mita 35, unalala. Maji yakijaa kina kimekuwa 10, jumla 11, mita 35 zako zimebaki mara 3 na kidogo tu, na upepo wa kusi ukikaza usiku nanga inaanza kuburura. Ulitakiwa kutoa mita 55 toka mwanzo. Na utajuaje umetoa 55 kama mnyororo hauna alama? Sie tumetumia zile tai za plastiki za kufungia nyaya, kwenye mita 10 tai moja, mita 20 tai mbili, 30 tatu, hivyo hivyo, na pia tumepaka rangi kuzunguka pale. Mkono unahesabu unapopita, rangi inaonekana mchana. Tai zinakatika baadhi kila msimu, unarudishia, ni za bei rahisi. Mita 10 za mwisho tumezipaka nyekundu zote, ukiona nyekundu inatoka ujue mnyororo unakwisha, na mwisho wake umefungwa chomboni kwa kamba ambayo inaweza kukatwa, kisu kimetundikwa hapo hapo.

Sasa vitu vya kuokoa roho.

Sisi watu wa visiwa hivi hatuhitaji kuelezwa sana. Septemba 10, 2011 meli ya abiria Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, Julai 18, 2012 boti ya abiria Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Hakuna mtaa ambao haukuguswa. Mpaka leo mama zetu wakipanda chombo wanauliza kwanza majaketi yako wapi, na wana haki ya kujibiwa kwa kuoneshwa, sio kwa mdomo. Jaketi okozi, wengi tunaita laifu jaketi, halikai ndani ya kabati lenye kufuli wala chini ya mizigo. Yetu yako sehemu mbili, mengine nje karibu na usukani na mengine ndani mlangoni, kwa sababu hujui watu watakuwa upande gani. Yamegawanywa kwa saizi, ya watoto yana utepe mweupe unaong'aa ukimulikwa, yameandikwa TOTO kwa herufi kubwa mbele na nyuma, na hayachanganywi na ya wakubwa. Kila mgeni akipanda, kabla ya hata kupewa chai, analivaa lake mara moja na kulirudisha mwenyewe pale alipolitoa. Akilirudisha mwenyewe mkono wake unakumbuka.

Koki zile zinazotoboa chombo chini ya maji, ya choo, ya sinki, ya kupozea injini, kila moja ina namba yake kwenye ramani na imeandikwa jina lake, na mshale unaoonesha upande wa kufunga. Pembeni ya kila koki kimefungwa kwa uzi kigingi cha mbao laini kilichochongwa kwa ncha, sie tunachonga cha msonobari, mbao laini inavimba ikipata maji na kuziba vizuri. Bomba likipasuka unakigongea palepale. Kikiwa kwenye sanduku la zana hakitakusaidia, mpaka ukipate ngama, kule chini kabisa ya chombo maji yanakokusanyika, ishajaa.

Gesi ya kupikia: mtungi uko nje kwenye kishubaka ambacho hewa yake inatokea nje ya chombo, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja ndani inashuka na kutulia kwenye ngama inasubiri cheche. Swichi ya kufungia ina lebo kubwa nyekundu, FUNGA GESI UKIMALIZA, na hii ndo lebo moja tuliyoweka kwa lugha tatu mana wageni wengi wa kwetu wanazungumza Kifaransa. Usiku mmoja tuko njiani mpishi kichefuchefu kimemzidi, aliyefunga gesi ni mgeni, kaisoma, kaifunga, kaja kutwambia. Mtungi wa kuzimia moto uko kwenye njia ya kutokea jikoni, usiwe nyuma ya jiko mana moto ukiwaka huwezi kuufikia. Kila mwezi tunaangalia mshale wake uko kwenye kijani na tunaupindua chini juu unga usigande. Fataki za kuombea msaada nyingi zimeandikwa muda wa miaka 3, tarehe ya mwisho tumeiandika kubwa nje ya boksi lake ili usifungue kuisoma.

Redio iko na karatasi yake pembeni, imeleminitiwa: chaneli 16, bonyeza hapa, sema MAYDAY mara 3, taja jina la chombo mara 3, sema mko wapi, shida ni nini, watu wangapi, achia kitufe usikilize. Jina la chombo letu limeandikwa kabisa pale, herufi kwa herufi. Mtu anayeogopa anasahau hata jina la chombo alichopanda. Namba za simu za KMKM (kikosi cha Zanzibar cha baharini) na za ofisi yetu zipo chini yake, na karatasi za usajili wa chombo zipo kwenye mfuko usiopitisha maji, kabati namba 1, hapo hapo chini ya redio.

Vyakula sitakaa navyo sana. Ila makopo, kabla hayajashuka chini bandua karatasi zote na uandike juu ya kopo kwa maka peni, MAHARAGE, TUNA, NYANYA, na mwezi wa kuharibika. Karatasi zikiroa zinabanduka, na kumbe mbaya zaidi sio kutojua kilichomo, mbaya ni kwamba zile karatasi zinakwenda kuziba pampu ya ngama, na pampu inaziba siku unayoihitaji. Mchele, unga na sukari kwenye makopo ya kubana, kipya nyuma cha zamani mbele.

Spea za injini tunaziweka kwa kazi, kila kazi na mfuko wake. Ndani ya mfuko wa pampu ya maji ipo impela (kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji), gasketi yake, bisibisi ile ile inayofungua ule mfuniko, na kikaratasi chenye hatua. Mfuko wa dizeli una filta, mpira wake na spana yake. Mtu akitumwa analeta mfuko mmoja na kazi inaanza. Spea ikitumika mfuko mtupu unarudi mahala pake ukiwa na fundo, ili aliyeko bandarini ajue cha kununua. Nyaya za umeme ziwekee lebo ncha zote mbili, sio moja, na lebo iingie ndani ya ule mpira angavu unaosinyaa ukipashwa moto. Utanishukuru ukiwa umejikunja kichwa chini miguu juu nyuma ya ubao wa swichi.

Mwisho ni daftari. Tuna kaunta buku moja, imegawanywa kwa namba za makabati, kila kabati kurasa zake, kilichomo, kiasi, tarehe. Ukichukua unaandika, ukirudisha unaandika. Tumejaribu kuweka kwenye simu, simu zinakufa chaji na kila mtu ana yake, daftari likabaki. Na siku ya kuhakiki tumeifunga na bamvua, kwa sababu mwezi mchanga na mwezi mpevu unakuja wenyewe na hakuna anayeweza kuusahau, tena maji yakikupwa sana chombo kinakaa kavu mchangani, tupo chini tunasugua na kupaka rangi hata hivyo, basi mmoja anasugua mwengine yuko ndani anafungua kabati moja moja na daftari mkononi. Hatufanyi yote kwa siku moja, bamvua hii upande wa witiri, bamvua ijayo upande wa shufwa. Lebo iliyopauka inaandikwa upya hapo hapo, kitu kilichohama kinarudi au ramani inabadilishwa, na tarehe ya ramani mpya inaandikwa kwenye kona. Maleleji yakiingia, upepo umelala na wageni wamepungua, ndo tunatoa kila kitu mpaka ufukweni.

Mfanyakazi mpya akija hatumtembezi kumuonesha. Anapewa ramani asubuhi, anaachwa nayo, baada ya swala ya isha tunazima taa zote tunamwambia alete kisu cha nanga, kigingi cha koki ya choo, dumu la dizeli na jaketi la mtoto. Asipokipata kimoja hatumlaumu yeye, tunakwenda kuangalia ile lebo ina tatizo gani.